Swali la Kumi na Moja

Ada nimelipa kwa mafungu matatu;
fungu la mwisho niliuza mbuzi wa Milembe
na bado hajanisamehe.
Somo linaitwa Utangulizi wa Dini za Dunia.
Wiki kumi na mbili. Dunia nzima.

Nasomea chumba cha maiti,
hapa mlimani, juu ya mji wa Mwanza,
maana zamu ya usiku ina utulivu
na wenyeji wangu hawagombanii chaji.
Mtandao unashika karibu na jokofu namba nne.
Ukisogea mlangoni, Mwalimu Kokushubila
anaganda mdomo wazi
akiwa amefika nusu ya Buddha.

Wiki ya pili tulipewa jedwali la kujaza:
mwanzilishi, kitabu, sikukuu, mazishi.
Nilicheka peke yangu.
Safu ile ya mwisho ningeijaza nimefumba macho.

Waislamu hufika kabla jua halijapanda,
huuliza maji yako wapi,
humsitiri mtu wao kwa nguo hata mbele yangu
niliyekwisha kumwona.
Wasabato huniomba niwape wao Ijumaa, mchana kweupe.
Wakatoliki husahau rozari mfukoni mwa marehemu,
kisha hurudi mbio.
Na mwezi wa tatu Jitesh, muuza nondo,
alimwekea mama yake jani la kivumbasi ulimini
na tone la maji,
akaniuliza kama nina ndugu wa kiume.
Ninao watatu, nikasema.
"Mimi sina. Nitambeba na nani?"
Nikashika upande wa miguu.
Jedwali halikuwa na safu ya hilo.

Wiki ya sita: Dini za Asili za Kiafrika.
Ukurasa mmoja na nusu,
na hiyo nusu ni picha ya kinyago
ambacho kwetu hakuna anayekijua.
Nikatafuta kijumba cha nyasi uani kwa babu, Magu,
kifupi hata mbuzi huinama kuingia,
mlimokuwa na kibuyu cha masamva.
Bibi alimimina pombe akiwaita kwa majina,
ishirini na watatu,
kama mwalimu aitaye mahudhurio;
akiruka mmoja, alianza upya.
Nikatafuta ngozi ya ng'ombe tuliyomviringia babu.
Hakuna.
Palikuwa na jaribio. Kweli au si kweli:
dini hizi hazina maandiko.
Nikabonyeza si kweli. Nikanyang'anywa alama mbili.
Nikamwandikia Mwalimu, akajibu siku ya tatu:
"Luhende, eleza."
Nikaeleza hadi kifurushi kikakata.
Alama moja alinirudishia.
Nyingine namdai.

Leo ni mtihani. Saa nane za usiku.
Chini kule taa za wavua dagaa
zimeweka mji mwingine juu ya ziwa,
mji usio na barabara.
Swali la kumi na moja:
Kwa maneno yako mwenyewe, dini ni nini?
Dakika kumi.
Nikaandika, Dini ni

na kengele ikalia.
Polisi wawili na kijana mmoja,
amenaswa kwenye magugumaji ng'ambo ya Kayenze.
Hana kitambulisho, hana msalaba, hana hirizi,
hana hata kiatu cha kumsemea.
Fomu inauliza jina. Haijulikani.
Fomu inauliza dini.
Kalamu ilisimama, nikaiweka chini.
Nikatafuta maji ya vuguvugu, ingawa hayahitajiki,
nikamtoa majani shingoni, moja moja,
na midomo yangu, sijui kwa nini,
ikaanza kuita wale ishirini na watatu.
Nilimruka mmoja.
Nikaanza upya.

Niliporudi kwenye simu, muda ulikuwa umekwisha,
mtambo umetuma ulichokikuta.
Jibu la mwalimu limeingia asubuhi hii,
nikiwa kwenye foleni ya chai:
sifuri kati ya kumi,
na chini yake, kwa wino mwekundu,
"Ulitaka kusema nini?"